Mimi, Tahiri na Kadi ya Mtandao

Jumatatu, 21 Oktoba

Leo nina akili mpaka najiogopa! Chama chetu cha wakulima wa korosho hapa Chilangala kinatafuta mtu wa kompyuta. Tumebaki wawili: mimi na Tahiri, mtoto wa mjomba. Nikawaza, bila mgonjwa nani atamwona daktari?

Nikaenda ofisini. Shikamoo, Mama Julia. Katibu wetu huyo akaitikia marahaba, akatoka kuchota maji ya chai. Nikafuta draiva ya waifai, ile programu ndogo inayoamsha kadi ya mtandao. Ndiyo, ndiyo, kwisha! Kesho naifufua mbele ya watu.

Jumanne, 22 Oktoba

Mtandao umekufa vizuri kabisa. Mama Julia kanipigia simu mwenyewe! Nikaingia na shati la mikono mirefu. Kwenye kioo, kialama cha njano chenye alama ya mshangao. Nikabonyeza kurudisha. Kompyuta ikataka draiva itafutwe kwenye intaneti. Na intaneti bila draiva hakuna. Loo! Nimefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Nikasema ni vumbi la salfa, lile tunalopulizia mikorosho, limeingia kwenye kadi. Bodi nzima ikashika mifagio. Mwenyekiti, Mzee Abdulkadiri, alifagia mpaka dari. Raha iliyoje kuheshimiwa!

Kisha Mama Julia akakumbusha kwamba taarifa za mzigo zisipoingia kwenye mfumo kabla ya mnada wa Ijumaa, korosho zetu zinabaki ghalani. Za mama yangu zimo. Anangoja kununua bati.

Jumatano, 23 Oktoba

Tahiri kaja. Kaniambia mbele ya watu nichomeke simu yangu kwa waya kwenye kompyuta, niwashe kugawa intaneti, ipakue draiva kwa bando langu. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mtani huyu! Tangu utotoni hajaniambia neno la kweli. Mwaka jana alinituma harusini Chiwata. Nikavaa suti, nikakuta wanachimba choo. Wakanipa sepetu.

Simu kwa waya! Nikamjibu akamchomeke beberu wake, huenda akatoa maziwa.

Nikapanda bodaboda mpaka Masasi mjini. Vumbi hadi kwenye nyusi. Mwenye stesheneri kaniwekea draiva kwenye flashi. Ushindi!

Alhamisi, 24 Oktoba

Draiva ni ya printa. Ya printa! Ile iliyokaa bubu tangu msimu uliopita imeamka, inachapa bila kuombwa. Mama Julia kafurahi, kisha akauliza mtandao uko wapi.

Mama naye kauliza wakati wa ugali kama mnada upo. Nikasema upo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Asubuhi nililia chooni, siandiki uongo. Nikarudi ofisini. Simu inakaribia kuzima, nikaichomeka kwenye kompyuta angalau ipate chaji. Tahiri akaishika, akanitazama bila kucheka.

"Binamu, juzi sikukutania."

Akagusa mahali pamoja tu. Intaneti! Draiva ikashuka, kialama cha njano kikatoweka, taarifa za mzigo zikaenda kabla mnada haujaanza. Niliruka nikamkumbatia Mzee Abdulkadiri, kofia yake ikaanguka kwenye chai.

Kisha Tahiri akachungulia kumbukumbu za kompyuta. Akageuka kwa bodi.

"Draiva ilifutwa Jumatatu wakati wa chai. Aliyeifuta ni huyu Anselmo."

Nikatazama mlango. Halafu Mama Julia akaangua kicheko. Bodi yote ikacheka mpaka machozi. Mwenyekiti akasema watani hawa watamuua kabla ya siku zake. Tahiri akaapa. Wakazidi kucheka! Akaapa tena, kwa jina la mjomba. Mtu mmoja ikabidi atolewe nje apate hewa. Mungu aubariki utani!

Kazi wamempa Tahiri.

Jumamosi, 26 Oktoba

Korosho za mama zimeuzwa! Anaimba uani tangu kulipokucha. Nami nimepata wazo, tena zuri kuliko lile la kwanza. Ofisini sasa wanaipenda printa kupita mtandao. Ikifa Jumatatu, nani ataifufua? Tahiri hana dawa yake! Safari hii sibahatishi. Draiva ninayo kabisa kwenye flashi, na flashi iko salama kwenye mfuko wa suruali yangu ya bluu. Mama ameiloweka tangu asubuhi, ili Jumatatu niende nikiwa nadhifu.