Bampa la Shemeji

Jumatano, 4 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, amesafiri hadi Jumapili. Kaniachia gari. Kasema nikilitunza, ataniajiri niwe dereva wake. Dereva! Leo naingia nalo getini, nimeshajiona na shati jeupe, kiwiko dirishani. Kwaruuu! Nguzo ya geti. Bampa la mbele limechubuka vibaya. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi, akauliza nikiota mchana hivi, usiku nitafanya nini.

Alhamisi, 5 Juni
Nimelifungua bampa, nimelilaza juu ya meza ya chakula. Mke wangu kalia chakula chake jikoni. Jirani, fundi wa rangi, kachungulia dirishani bila kuitwa. Ati plastiki haitaki haraka: nilioshe kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, nilisugue kwa msasa, nilifute, nisiliguse tena kwa mkono mtupu. Ndipo nipulize praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, nyembamba, mara tatu. Nikamshukuru. Moyoni nikasema: mjuaji huyo!

Ijumaa, 6 Juni
Nimeosha. Nimesugua kutwa. Bampa limefubaa, lina rangi ya majivu. Nilikaa nalo uani nikalihurumia kweli. Nikachukua mafuta ya nywele ya mke wangu, nikalipaka kidogo tu, nione litakavyong'aa likiisha. Lo! Mawingu yakapita humo ndani, polepole. Nami nilikuwamo, na shati langu jeupe. Nikalifuta kwa fulana. Safi kabisa.

Jumamosi, 7 Juni
Praima mara tatu. Kila nikisubiri ikauke nalala chali kwenye mkeka, naendesha gari angani. Fundi kapita, kauliza mbona ina vijishimo. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa. Mke wangu anatafuta mafuta yake. Nimemsaidia kutafuta. Jioni nimepuliza rangi ya buluu, vijishimo havionekani. Nani kama mimi?

Jumapili, 8 Juni
Asubuhi nimelifunga bampa mahali pake. Shemeji kafika. Kalizunguka gari, katabasamu. Kisha kaona jani kavu limenasa kwenye bampa, kalibandua kwa ukucha. Rangi ikamfuata kidole. Yote! Ganda zima, kama la chungwa. Hakunitukana. Alinyoosha mkono tu, nikampa funguo. Niliitaka kazi ile, Mungu anajua. Hata mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 9 Juni
Fundi kasema praima haishiki penye mafuta. Ati asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelitafakari sana, nimepata jibu: kosa ni la plastiki. Bati halina kiburi. Mke wangu kaenda kwa kaka yake kuniombea msamaha, masikini. Nitamshangaza akirudi: friji yake kuukuu itakuwa mpya! Nimeiosha, nimeipiga msasa. Imefubaa, inatia huruma. Na kwenye chupa yamebaki mafuta kidogo.
Nimeipaka tu, nione.