Ukungu Unaogopa Njano

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Dereva wa mlimani anastaafu. Hatimaye! Bosi ametangaza asubuhi karakanani, mikono mifukoni, bila hata kutusalimia. Anatafuta dereva mmoja wa kudumu wa kuwapandisha mafundi kwenye mnara wa mawasiliano. Barabara ni tope tupu, ukungu hauishi, mvua haina adabu. Lakini kazi inakuja na nyumba. Vyumba vitatu chini ya mlima, jiko la ndani, mlango wenye ufunguo wake.

Nyumba! Mwaka wa nne huu naishi ukweni. Mwanamume mzima na ndevu zangu, nalala chumba cha uani cha mama mkwe, naoga kwa zamu, na nikikohoa naulizwa kama nimekunywa dawa. Mtaani wanasema mimi ndiye niliyeolewa. Wanasema nikiwa nasikia.

Wagombea ni wawili tu. Mimi na shemeji. Ndiyo, kaka wa mke wangu, mboni ya jicho la mama yake, ambaye kazi hapa nilimtafutia mimi mwenyewe. Fadhila za punda ni mateke.

Alhamisi magari yote mawili yatapanda mlima, inyeshe isinyeshe, na Bosi atakuwemo. Kila dereva achague mwenyewe taa za ziada za kufunga. Bosi anasema asiyejua kuchagua taa hawezi kuchagua njia. Nimewahi stoo kuchungulia. Kuna seti mbili. Moja ni taa nyeupe ya kufunga juu ya paa, ndefu kama benchi. Taa ya mfalme! Nyingine ni vijitaa viwili vya njano vya kufunga chini ya bampa, ukubwa wa visahani vya chai. Vinatia huruma.

Nimemwambia mke wangu habari za nyumba. Baadaye nimemkuta anapima upana wa meza yetu kwa mkono, akauliza kama jiko la huko lina dirisha. Nimeapa. Nyumba ile ni yake.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mpango! Shemeji akiiona ile taa ndefu ataitaka, maana macho anayo. Lazima avichague vile vijitaa mwenyewe, kwa hiari yake, na anishukuru.

Nikamwalika chai hapo nje ya geti. Nikaanza mbali. Nikasema shemeji, wewe sasa ni damu yangu, siwezi kukuona unapotea nikakaa kimya. Nikamwambia taa nyeupe ina mwanga mwingi kupita kiasi. Kwenye ukungu mwanga ule unagonga na kurudi machoni mwa dereva. Njano ni pole, inapenya. Tena ifungwe chini kabisa, kwa sababu ukungu hukaa juu ya barabara kama povu kwenye beseni, huku chini kuna upenyo. Nimeyatoa wapi haya yote? Kichwani! Papo hapo! Nilipoona anaitikia kwa kichwa nikanogewa, nikaongeza kwamba ukungu unaogopa njano. Ulimi wangu ulinishangaza hata mimi.

Akauliza mbona basi mimi nachukua nyeupe. Nikasema macho yangu yameshazoea. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema tangu baba yao afariki hajapata mtu wa kumshauri namna hii.

Nikakimbilia chooni kucheka. Nimecheka mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza kama tumbo linanisumbua.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Fundi umeme amefunga taa zote. Huyu fundi ananiita Mipango, sijui kwa nini. Kanitazama, kaitazama taa yangu, katazama mawingu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema yeye hufunga waya tu, akili kila mtu ajifungie mwenyewe. Jeuri! Alipokuwa chini ya gari la shemeji, mgongo kwenye oili, akachomekea kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi si mtu wa kuinama. Yangu iko juu ya paa, kila mwenye macho aione.

Jioni nimekwenda nayo nyumbani kuijaribu. Nimewasha kuelekea ukuta wa uani. Mchana mtupu! Majirani wakatoka, watoto wakapiga makofi. Mama mkwe akaja mbio, akasema nimemvuruga jogoo wake na nimeleta moto wa Jehanamu uani kwake. Mke wangu akacheka. Akacheka kwa sauti, kichwa nyuma, kama zamani tulipokuwa tunachumbiana! Nilisahau kwamba anacheka vile. Kwa kicheko kile ningeweza kuupanda mlima kwa miguu.

Shemeji naye akawasha vyake. Vikamulika majani mawili na viatu vyake. Nikampongeza sana.

Jambo la mwisho. Bosi apande na nani? Nimemwonya, kwa upole, kwamba kiti cha abiria cha shemeji kina chuma kimechomoza. Hakina. Atapanda na mimi.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Tuliondoka alfajiri, mvua inamwagika. Mimi mbele na Bosi, shemeji nyuma na mafundi. Tulipoanza kupanda nikawasha. Bosi akasema aah! Nitazikwa na hiyo aah, maana ndiyo sifa pekee niliyoipata leo.

Baada ya daraja, ukungu. Ghafla mbele yangu pametandikwa shuka jeupe. Barabara hakuna, miti hakuna, hata boneti ya gari langu siioni. Taa ya mfalme ilimulika kila tone la mlima ule, na kila tone likanirudishia mwanga machoni. Bosi akasema zima hiyo ya juu. Nikamwomba asubiri kidogo, itazoea. Taa izoee! Akasema tena, safari hii polepole, jinsi watu wanavyosema na mlevi. Lakini kuzima ni kukiri kwamba nimekosea, na shemeji yuko nyuma anaona. Nikatoa kichwa dirishani, mvua ikanijaa mdomoni, nikaongeza mwendo ili nionekane najiamini.

Mtaro uko upande wa kushoto. Sasa naufahamu vizuri.

Gari likalala ubavu, taa inamulika mbinguni kama inaomba dua. Hakuna aliyeumia ila mimi, tena ndani kwa ndani. Mara shemeji huyo anakuja, taratibu, na visahani vyake. Njano ilikuwa inatambaa chini, inaonyesha ukingo, mawe, mtaro, na mimi ndani ya mtaro. Akaruka kutoka garini akauliza, “Shemeji, umeumia?” Akanivisha koti lake. Koti lake! Angenicheka ningepumua. Bosi akahamia kwake. Kabla ya kukaa alikipapasa kile kiti, akageuka kunitazama.

Wakapanda mpaka mnarani, wakashuka salama. Mimi nimevutwa kwa waya, kinyumenyume, mbele ya karakana nzima.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Bosi ametangaza. Shemeji. Kwa hilo nilikuwa nimejiandaa.

Kwa lililofuata sikujiandaa. Shemeji akainua mkono, machozi yanamlengalenga, akasema hawezi kupokea sifa isiyo yake. Aliyemwambia achukue njano na aifunge chini ni shemeji yake! Akayarudia yote, mwanga kugonga, povu, upenyo, mpaka ukungu unaogopa njano. Fundi umeme akaacha kutafuna. Bosi akanigeukia, akauliza kwa utulivu kabisa: kama nilijua yote hayo, kwa nini mwenyewe nilipanda na nyeupe, tena nikiwa nimembeba yeye?

Nilikuwa na majibu mawili, kwamba mimi ni mjinga au kwamba mimi ni mshenzi. Nikatafuta la tatu. Nikainamisha kichwa, nikasema seti ya njano ilikuwa moja, na mtu humwachia nduguye kilicho bora.

Makofi! Mlinzi alifuta machozi kwa kofia. Bosi akasema hajapata kuona moyo wa namna hii, na kwamba moyo wa namna hii usishike tena usukani wa gari lake. Kuanzia Jumatatu niko stoo, niwashauri wenzangu kuhusu vifaa. Funguo nimekabidhiwa hapohapo. Stoo! Kati ya mapipa na panya!

Nyumbani shemeji alinitangulia, habari zimeshaenea. Mama mkwe akaniita mwanangu. Miaka minne alikuwa ananiita “huyu”. Akanichagulia kipande kikubwa cha nyama. Mke wangu hakula.

Tulipobaki wawili akaniuliza kama ni kweli nilijua. Nikasema ndiyo. Akasema ningeikosa ile nyumba kwa ujinga angenisamehe, ujinga wangu ameshauzoea. Lakini nimelichukua jiko lake, nikiwa na akili zangu timamu, nikamgawia kaka yake ili watu wanipigie makofi. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Nilitaka kumwambia ukweli. Ulifika mpaka kwenye meno. Kule sebuleni mama mkwe alikuwa anamwambia jirani kwamba mwanawe huyu mwingine ana moyo wa dhahabu. Nikaumeza. Nimemuudhi mke wangu kwa wema ambao sikuufanya, na inauma kuliko mtaro.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Wamehama. Shemeji hana mke, kwa hiyo mama yake amekwenda kumpikia. Mke wangu amekwenda kumsaidia mama yake kupanga jiko. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema jiko ni kubwa, kulipanga kutachukua muda. Alisema huku anafunga mzigo, hakunitazama. Meza yetu wameibeba pia, eti inaenea vizuri chini ya dirisha.

Kwa hiyo sasa naishi ukweni peke yangu. Hata wakwe hawapo! Mtaani hawajui tena waniite nini.

Mchana shemeji ameshuka kunijulia hali, na kuomba ushauri, kwa unyenyekevu wote. Tairi zake zimekwisha na tope la mlimani limezidi. Stoo kuna za aina mbili, pana na nyembamba. Achukue zipi? Nilipomtazama usoni mpango ukanijia mzima-mzima. Akikwama wiki nzima Bosi atatafuta dereva mwingine, na mwingine ni nani kama si mimi? Nikamwambia achukue nyembamba. Nikasema tairi nyembamba hukata tope mpaka ikute ardhi ngumu, lakini ile pana huelea juu na kuteleza. Nimetunga palepale, bila shaka. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Fundi umeme, aliyeomba lifti, akasema hata yule dereva mzee aliyestaafu hakupata kufunga tairi nyingine maisha yake yote. Anapenda sana kujipendekeza yule.

Zile pana nimezificha nyuma ya mapipa, za gari langu. Nimempelekea mke wangu ujumbe asijitambulishe kwa majirani wa huko kama mgeni wa kaka yake, maana nyumba itarudi kwetu karibuni. Hajajibu. Si neno. Makosa yote ya juzi yalikuwa ya taa, na safari hii ni tairi.