Madai ya Kurudishiwa Pumba za Picha ya Marehemu Mke Wangu

Usevya,
14 Septemba 1998

Ndugu Hilari, Mwenye Studio,
Shanwe, Mpanda.

Nakusalimu wewe, kisha naisalimu kompyuta yako, ambayo sina chuki nayo binafsi.

Mwezi uliopita nilikuletea picha pekee ya marehemu mke wangu, Monika, uiingize kwenye disketi imfikie binti yetu Theopista, karani huko Dar es Salaam. Monika alifariki mtoto bado ananyonya, hivyo atamjua mama yake kwa picha hiyo tu. Ulisema picha ni kubwa, haienei kwenye disketi, ukaibana. Uliponionyesha kwenye kioo cha kompyuta, niliumia sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uso wa Monika umekuwa vigae vigae. Shemeji yangu Gelasius, aliyesimama pembeni na baiskeli ya kuazima, anaonekana mpaka pampu. Kama ilikuwa lazima mtu abanwe, angebanwa yeye, ana mwili wa kutosha.

2. Ulinieleza kuwa kompyuta hutupa yale ambayo jicho la mtu haliyaoni. Jicho la nani? Chini ya jicho la kushoto la Monika kulikuwa na kidoa cheusi, nami nilikiona kila asubuhi kwa miaka sita. Kimetupwa.

3. Huku kwetu ukipeleka mahindi kukoboa, unarudi na mahindi yako na pumba zako. Mwenye mashine habaki na hata kopo moja. Nadai basi kila kilichotolewa kwenye picha ya mke wangu. Mleta barua, Makarius, anakuja na kiroba safi.

4. Kama umekwisha kuzichanganya na pumba za wateja wengine, Makarius atakaa hapo mpaka mzichambue. Ana chakula cha siku tatu. Kidoa chetu ni kidogo kama punje ya ulezi. Tafadhali asipewe cha mtu mwingine.

Sitaki ugomvi. Nataka mwanangu amwone mama yake mzima.

Nisalimie mama watoto, fundi wa jenereta, na wote wanaosubiri zamu kwenye benchi lako.

Mimi mwenye madai,
Melkior

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimeitoa ile picha yenyewe sandukuni, nikaitazama juani. Kidoa hakimo. Monika alikuwa anacheka, akageuza kichwa, kamera haikukipata. Barua nakuletea hivyo hivyo kwa kuwa karatasi nyingine sina, ila Makarius anakuja bila kiroba. Disketi itume ilivyo. Habari za kidoa nitamwandikia Theopista mwenyewe.