Kidonge cha Wifi na Goti Langu Jipya

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki. Aibu tupu! Bwana Kunja (ndivyo ninavyomwita yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana neno jingine halijui) kapima goti langu la bandia, kaguna. Gumu kama mguu wa meza. Kasema lisipokunjika kufikia mwisho wa mwezi, daktari atanilaza kwa sindano ya usingizi alikunje kwa nguvu. Nikatabasamu. Moyoni nimekufa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Fundi asiyekunja goti atashona nini?

Kisha akaitwa wifi yangu. Tulipasuliwa wiki moja, hospitali moja, na tunauguzwa nyumba moja, yaani yangu. Goti lake likajikunja kama mlango uliotiwa mafuta. Bwana Kunja akampigia makofi! Wifi akasema ni Mungu tu. Akanitupia jicho.

Jumanne, 5 Machi

Nimeing'amua siri! Jana nikisubiri nje kwa daktari nilimsikia akiwaambia wanafunzi wake kwamba kuna dawa ya presha ambayo huenda inasaidia magoti yaliyokakamaa baada ya upasuaji. Mlango ukafungwa hajamaliza. Haidhuru, nilisikia ya kutosha. Wifi ana presha. Mimi nina presha. Vidonge vyangu vyeupe, vyake vya waridi. Kuna la kuuliza tena?

Nikamuuliza mzee wangu, kwa upole kabisa, kwa nini dada yake apewe dawa na mimi nipewe chaki. Akajibu kila mtu na mwili wake, akajifunika gazeti.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejitolea kumpangia wifi dawa zake. Kashtuka. Tangu niolewe sijampangia hata viatu. Kakataa kwa heshima zote, katia dawa kwenye mkoba, mkoba chini ya mto. Nikampelekea chai. Alipoenda msalani nikasema kwa sauti kwamba mto ule unataka foronya mpya, nikauvuta. Nimetoka na vidonge kadhaa ndani ya sidiria! Nimemwachia vingi. Mimi si mnyama.

Alasiri wifi kajifungia chumbani, redio juu kabisa. Anacheza muziki, bila shaka. Mwenye goti lake!

Ijumaa, 8 Machi

Nimemeza cha waridi juu ya cheupe changu, goti lipate chake na presha ipate chake. Mazoezi sikufanya. Ya nini tena? Nimekaa nikingoja goti lilainike. Mchana kichwa kikawa chepesi. Nikajua dawa inateremka gotini. Jioni: goti lile lile. Bwana Kunja kapiga simu kuulizia. Nikamwambia najikunja kama shuka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeongeza. Viwili vya waridi. Siandiki mengi, mistari inaogelea.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa kitandani hospitalini. Asubuhi niliinuka kumfungulia mteja mlango, sebule ikazunguka, nikajikuta nanusa zulia. Aliyefika wa kwanza ni wifi. Akapiga magoti, yote mawili, goti jipya likalia ka! Akainyanyua miguu yangu, akaipakata, huku akipiga kelele: "Wifi! Wifi yangu, usinifanyie hivi! Nitagombana na nani mimi?"

Nikamweleza yote. Hata sidiria.

Daktari kanifokea taratibu, ambayo ni mbaya zaidi. Kasema presha ilishuka mno, nashukuru sikuvunja nyonga. Dawa ile bado wanaichunguza kama inasaidia magoti, hawana hakika, na hata wangekuwa nayo, si ya kuibiwa chini ya mto. Kinachokunja goti ni mazoezi, na wifi hajaruka hata siku moja.

Hapo wifi akainamisha kichwa. Kumbe redio ilikuwa ya kuzima kilio. Kila akikunja, analia. Hakutaka nisikie, eti ningefurahi.

Ningefurahi kweli. Nimegeukia ukutani, nikalia mimi.

Jumatano, 20 Machi

Siku zote hizi tunafanya mazoezi pamoja sebuleni, tunalia wazi wazi kama watoto wa chanjo. Mzee wangu amehamishia chai yake kwa jirani. Na leo Bwana Kunja kapima, katabasamu! Mguu unakanyaga cherehani. Sindano ya usingizi imefutwa. Nimemkumbatia wifi mbele ya foleni nzima, nikaapa kwamba dawa ya presha ya mtu mwingine sitaigusa tena maisha yangu yote.

Sasa, kwenye foleni hiyo palikuwa na mama mmoja, muuza vitambaa, goti jipya kama letu. Kaangusha ufunguo. Kachutama, kauokota, kainuka bila kushika kitu! Nikamsogelea, nikamsifia kilemba, nikamchimba polepole. Presha hana. Ana kisukari. Anameza vidonge vidogo vya manjano.

Mimi sina kisukari. Lakini ni muda sijapima.

Kesho alfajiri naenda. Huenda nina bahati.