Mnyoofu na Pikipiki ya Mama Mshonaji

Jina la Mnyoofu alijipa mwenyewe, na hilo peke yake lilitosha kutushtua. Halikutushtua. Mimi nina duka la spea, mwaka wa kumi na tisa huu, na hujisifu kwamba oili naijua kwa kunusa tu. Mnyoofu aliniuzia madumu matatu ya maji yaliyokorogwa na masizi, akanipa na risiti yenye muhuri. Siku hiyo nilikuwa na mafua. Basi nikimcheka katika kisa hiki, msije mkadhani anayecheka ni mwerevu.

Mwaka juzi jino lilimpeleka kwa daktari wa meno. Alilala kwenye kile kiti mdomo wazi, na kwake hayo yalikuwa mateso makubwa kuliko sindano, maana ulikuwa wazi na hausemi. Ukutani akaona picha za pikipiki za zamani za Uingereza, zile za silinda mbili zilizosimama bega kwa bega kama mapacha waliovalishwa sare.

"Hizo ni ugonjwa wangu," daktari akamwambia huku akichokonoa. "Nikipata moja inayonguruma, natoa bei ya kiwanja."

"Aaah," alisema Mnyoofu, kwa kuwa hakuweza kusema kingine.

"Na hiyo suruali yako inafagia sakafu. Mtaa wa nyuma hapo yuko mama mjane, anapunguza vizuri sana."

Kesho yake Mnyoofu alikuwa kwa Mama Mshonaji, kwenye chumba cha mbele chenye cherehani moja, vipande vya vitambaa hadi magotini, na mama mwenyewe amebana pini midomoni. Mama akamwomba amletee pasi kutoka stoo. Mnyoofu akaingia stoo, na huko nyuma ya magunia ya mabaki akaona shuka kuukuu limefunika kitu chenye mabega. Akainua pindo. Tangi la duara, ekzosi mbili, kutu ya kutosha, na ile injini ya mapacha.

Alirudi bila pasi.

"Mama," alisema kwa sauti ya msiba, "sitaki kukutisha. Mimi natoka Jumuiya ya Kuhifadhi Mitambo ya Kale. Hicho kilichoko stoo kina mvuke wa sumu. Sisi huwa tunaviondoa, tena bure, kwa ajili ya usalama wa wazee."

Mama alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Mungu akubariki, baba. Ichukue. Ila marehemu aliacha wosia. Alisema isitoke humu ikiwa maiti. Siku itakayonguruma ndiyo siku nitakayokusainia kadi."

Mnyoofu alipiga hesabu haraka kichwani. Betri, petroli, kiki mbili tatu. Mpaka saa kumi jioni angekuwa ameshamaliza.

Ilimchukua miezi saba.

Siku ya kwanza ilimshinda kwa spana. Za milimita zilizunguka bila kushika nati, za inchi zilikataa kuingia. Alikuja dukani kwangu, akasahau kabisa kwamba aliwahi kuniibia, akauliza hizi nati zilitengenezwa kwa ajili ya spana gani. Nikamweleza kwamba Waingereza wa enzi hizo walikuwa na kipimo chao wenyewe. Akakaa juu ya kreti kama mtu aliyeletewa taarifa ya kifo.

Wiki ya pili alifunga betri kama betri zote zinavyofungwa, hasi kwenye fremu. Pikipiki hizo hutaka chanya kwenye fremu. Waya zilitoa moshi, zikayeyuka zote kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Mama alisimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Huo ndio ule mvuke wa sumu?" aliuliza.

"Ndio huo, mama," alijibu Mnyoofu akikohoa. "Umeanza kutoka."

Mwezi wa tatu kiki ilimrudishia teke la kifundo, akatembea na fimbo siku kumi na mbili. Mwezi wa nne alifungua injini yote, akaipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alipoifunga, vikabaki vitu viwili mkononi. Akafungua tena. Alikuwa amekwisha kuuza saa yake ya dhahabu, ambayo haikuwa ya dhahabu, na suti mbili za kazi, kwa sababu pistoni hazikopeshwi. Utapeli ukalala. Kucha zake zikawa nyeusi. Unamtazama usoni mtu akikuambia yeye ni ofisa wa mirathi huku ananuka grisi, unamwamini kweli?

Siku moja, nami ni binadamu mwenye kinyongo, nikamwekea gasketi bandia kwenye boksi la gasketi halisi. Aliishika, akaikunja kidogo, akanirudishia.

"Ndugu yangu," aliniambia, na macho yalikuwa yamelegea kwa huzuni ya kweli, "hii ni injini. Usifanye utapeli kwenye injini."

Niliona aibu. Mimi! Nikampa halisi, tena kwa bei ya chini.

Mwezi wa saba, asubuhi ya Jumamosi, alipiga kiki mara ya kumi na nne na silinda ya kulia ikajibu. Ya kushoto ikapiga chafya, ikanyamaza, halafu ikajiunga na mwenzake. Madirisha ya stoo yakatetemeka. Mnyoofu alikaa chini sakafuni katikati ya kidimbwi cha oili, akalia, na alipokuja kunihadithia hakukana kwamba alilia. Kisha akakumbuka kiwanja, akafuta machozi na kwenda kuchukua kalamu.

Mama Mshonaji alitoka chumbani. Alikuwa amevaa suruali ya turubai aliyojishonea mwenyewe, koti zito na buti za kufunga kamba. Nyuma yake akatoka daktari wa meno, kashika helmeti.

"Daktari!" Mnyoofu akang'aa. "Umepata habari upesi. Ngoja mama asaini kwanza."

"Asaini nini?" daktari akauliza. "Dada, hujamwambia?"

Mnyoofu akarudia neno moja tu. "Dada?"

Mama alifungua droo ya cherehani, akampa kadi aisome. Kwenye sehemu ya mwenye pikipiki palikuwa na jina lake mama, la usichana, tangu siku ya kwanza.

"Marehemu alikuwa hata baiskeli anaiogopa," alisema. "Hii ni yangu, baba. Niliipanda miaka tisa mpaka injini ikakwama."

"Na wosia?"

"Na Jumuiya?" mama akamrudishia.

Mnyoofu akaisoma ile kadi mara ya pili. Mama akamwonea huruma, akamwelezea polepole kama mtu anayempima mteja kiuno. Mafundi wanne wa kweli walikuja, wakatazama, wakasema haiwezekani. Ndipo mdogo wake akatundika zile picha ukutani, na kila akipata mgonjwa mwenye maneno mengi anamtuma akapunguze suruali. Wa kwanza alitengeneza breki na magurudumu kabla hajakimbia. Wa pili alimaliza giaboksi.

"Fundi akishindwa anarudi kwa mkewe," mama alisema. "Mwizi hakati tamaa upesi. Lakini wewe, mwanangu, ndiye umefika mwisho. Hakuna aliyelia kabla yako."

Mnyoofu alifikiria kukasirika. Alijaribu kweli, aliniambia, akakunja hata ngumi. Ila pale pale silinda ya kushoto ikachelewa kidogo, mkono ukaondoka wenyewe kwenda kugusa skrubu ya kabureta, ikatulia. Baada ya hapo hasira haikurudi.

"Panda nyuma," mama akaamuru. "Tuisikilize ikiwa njiani."

Sasa hebu wazia barabara ya maduka saa nne asubuhi. Mama wa miaka sitini na nne mbele, mgongo umenyooka, na nyuma yake Mnyoofu bila helmeti, bila suti, bila pa kujificha, kwenye chombo ambacho mlio wake unatoa watu ndani ya nyumba. Walitoka wote. Muuza simu aliyenunua kwake boksi la simu, akakuta sabuni. Kinyozi aliyemlipa kodi ya fremu ya duka ambayo Mnyoofu hakuimiliki. Mwenye gesti, ambaye bado anamdai. Kila mmoja alinyoosha kidole, akapiga kelele.

Mama akapunguza mwendo. "Hawa wote mnafahamiana?"

"Wateja wangu wa zamani, mama."

"Basi usiwe na kiburi. Wapungie."

Mnyoofu akainua mkono mmoja, mweusi tii kwa oili, akapunga. Walipopita mbele ya duka langu nilikuwa tayari nimesimama mlangoni, nimejaza pumzi kifuani, nimeandaa tusi la miaka miwili.

Nikampungia na mimi.