Kifaranga Chini ya Beseni

Jamani, leo nimeaibika hadi masikio yamepata moto.

Niko nyumbani, kama kawaida. (Tangu vita vianze huko kaskazini, watu wanasema kukaa nyumbani ni busara. Mimi busara hiyo ninayo tangu utotoni.) Asubuhi jirani yangu, Mama Zaituni, alikuwa uani akisimulia jinsi marehemu mama yake alivyokuwa akifufua vifaranga: unakifunika kwa beseni, unalipiga beseni kama ngoma, kinaamka.

Nikaingilia. Ningenyamaza ningepungukiwa nini?

"Mama, anayefufua ni Mungu peke yake! Moto unachochewa, aliyezimia anazinduka. Kufufua ni kwa aliyekufa kabisa."

"Sawa, mwalimu," akasema, akachukua kikapu. "Naenda soko. Uniangalizie hiki kifaranga kimoja. Wenzake mwewe alibeba wote."

Nikaangalia vizuri sana. Kisha nikatoa godoro langu nilianike juani. Nikalibwaga.

Chini yake kitu kikasema "pwi!" Mara moja tu.

Nikainua godoro. Kifaranga chali, miguu juu, shingo kama uzi. Nikakipuliza. Nikakibembeleza. Wapi!

Nikatazama huku na huku. Hakuna mtu. Nikachukua beseni (la Mama Zaituni mwenyewe!), nikakifunika, nikagonga kwa kidole. Kimya. Nikapiga kwa kofi. Halafu kwa mwiko. Ndugu zangu, dawa hii ina kasoro moja: haifanyiki kwa siri.

Majirani wakajaa. "Hapa iko harusi?" mmoja akauliza. Nami nimepiga magoti, jasho linanitiririka, ninalia: "Fufuka, baba! Fufuka!"

"Mwalimu."

Mama Zaituni, nyuma yangu, kikapu kichwani.

Mwiko ukanidondoka. Kisha, chini ya beseni: "pwi."

Nikalifunua. Kimesimama! Kinayumba, kinajikung'uta, kinatutazama kana kwamba sisi ndio tuliokufa. Hakuna aliyecheka.

"Yampaye inka!" akanong'ona yule wa harusi kwa Kinyarwanda, kiapo cha mtu aliyeona ajabu.

"Umekifufua," Mama Zaituni akasema taratibu.

Ningeitikia tu, sasa hivi ningekuwa walii wa mtaa mzima wa Nyamirambo. Lakini mdomo huu!

"Hapana, mama. Kimezinduka. Kilikuwa kimezimia tu."

"Eee. Kumbe kilizimia. Kilipatwa na nini?"

Macho yote yakahamia kwenye godoro.

Msinicheke. Na mkishindwa, chekeni polepole: kifaranga kimelala, tena kwenye godoro langu.