Mtungi Mmoja Mpaka Ulyankulu

Jumamosi, 5 Julai

Kikao cha kamati ya harusi. Sebule yangu, chai yangu, maandazi yangu. Aliyeshindwa, mimi.

Suzana wangu anaolewa Jumamosi ijayo huko Ulyankulu, parokia ya wakwe. Tangu Januari nilishatangaza kwamba nitamwendesha mwenyewe kwa gari langu la bluu. Nililinunua mwaka alioanza darasa la kwanza. Nimempeleka nalo shule, hospitali, kipaimara. Na safari hii ya mwisho ni yangu. Nani wa kupinga?

Leodgar! Mwenyekiti wa kamati, kaka wa mke wangu, mwalimu mstaafu anayesahihisha mpaka matangazo ya misiba. Akasoma kwenye daftari kwamba gari la bibi harusi lazima liwe na mtungi wa kuzimia moto, pembetatu mbili za kuakisi, sanduku la huduma ya kwanza, tairi la akiba na jeki. Njia ya Ulyankulu ni pori, akasema, fundi hakuna na simu hazishiki. Ukaguzi ni Alhamisi.

Jeki ninayo. Hainyanyui, lakini ninayo. Tairi la akiba lina upara kunishinda.

Hapo Awadhi, jirani yangu wa ukuta mmoja, akasimama. Akasema, kwa upole wake ule unaouma, kwamba gari lake, Noah, lina kila kitu, na mitungi ni miwili. Watu wakapiga makofi. Makofi! Kwa mtungi!

Suzana akanifuata uani. Akaninong'oneza kwamba hataki kupelekwa na Noah ya mtu, anataka kupelekwa na baba yake. Nikamwambia alale usingizi, atapelekwa.

Ila mtungi sinunui. Miaka kumi na nane gari halijawahi kutoa hata cheche. Unanunuaje kitu halafu unashinda ukiomba usije ukakitumia?

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa, kazi za mikono. Pembetatu nimezikata kwenye bati lililobaki tulipoezeka choo, nikazibandika karatasi za kung'aa za baiskeli ya zamani. Moja imetoka na pembe nne. Sielewi ilikuwaje.

Sanduku la huduma ya kwanza: kopo la biskuti la mke wangu. Nimetia vidonge vinne vya maumivu na bandeji ya mwaka ule nilipoanguka kwenye mwembe wa Awadhi. Nyuzi na vifungo vyake sikupata pa kuvihamishia, vimebaki humo humo. Mama Suzana akafungua, akauliza majeruhi atashonwa kidonda au suruali.

Fundi habishani na watazamaji.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi imepumzika, akili yangu haikupumzika. Wazo limekuja nikinywa chai!

Tuna chupa ya chai ile ndefu ya kubonyeza juu. Ukiitazama kwa jicho la imani, ni mtungi wa moto. Ina kichwa, ina mdomo, ina mpini. Imekosa rangi tu. Nikachukua rangi nyekundu ya geti, nikaipaka mara mbili, nikaandika MOTO kwa rangi nyeupe, na chini yake IMEKAGULIWA. Herufi za mwisho zimechuruzika kidogo. Zinatisha vizuri.

Mama Suzana aliporudi kutoka sokoni alisimama mlangoni bila kutua kikapu. Akataka kujua wageni wa harusi watanywea nini. Nikamweleza kwamba rangi iko nje, chai inakaa ndani, mambo mawili hayaonani.

Akasema mama yake alimwonya. Hajasema alimwonya nini.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya aibu.

Nilitoka kujaribu njia. Kizuizini, pale mji unapoishia, trafiki akanyoosha mkono. Mwanamke mnene, kofia nyeupe, Afande Zabibu. Akasoma leseni. Renatus Masolwa. Akatabasamu, akauliza kama mimi ni Mnyamwezi. Nikaitikia na kumuuliza kwake ni wapi. Mzaramo wa Kisarawe!

Moyo ukaruka. Mtani! Tangu enzi za misafara ya pembe, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani hakuandikii faini. Nikaanza papo hapo. Nikamwambia nashangaa kuona Mzaramo kazini asubuhi yote hii, huko kwao ngoma zimeisha? Akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Nikajua nimepona.

Akaomba kuuona mtungi. Nikaunyanyua kwa mbali, haraka haraka, maandishi yakimwelekea. Akasema, lete mtani, tuujaribu. Akabonyeza.

Ikatoka chai. Chai ya maziwa, ya tangawizi, ya moto kabisa! Mke wangu alikuwa ameijaza alfajiri bila kuniambia. Alisema baadaye kwamba alitaka angalau ifanye kazi moja ya kweli.

Afande akanywa kikombe. Akawaita wenzake wawili, nao wakanywa. Akasifia tangawizi. Kisha akatamka kwamba babu zangu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa Tabora mpaka pwani, miezi mitatu kwa miguu, halafu mimi mjukuu, mwenye gari, nimeshindwa kubeba mtungi mmoja? Wenzake wakashika mbavu.

Faini hakuandika, kweli. Ila alichukua chupa. Mali ya mtani ni halali yake, akasema, na wewe unajua. Najua. Mtani akichukua, unacheka. Nikacheka mpaka taya zikauma. Na akaniahidi kwamba Jumamosi nikipita pale bila mtungi wa kweli, bibi harusi atashuka barabarani na shela lake.

Mama Suzana ameuliza chupa yake iko wapi. Nimemwambia iko serikalini.

Alhamisi, 10 Julai

Ukaguzi. Leodgar alikuja na kalamu mbili. Pembetatu ya pembe nne aliizunguka kama anakagua mtihani ulioibiwa. Kwenye kopo la biskuti alitoa kifungo, akakirudisha taratibu. Akauliza mtungi. Nikasema umekwenda kujazwa. Akaandika "Hajakamilisha" na kupiga mstari chini. Nikamkumbusha kwamba mimi si mwanafunzi wake. Akajibu kwamba anamshukuru Mungu kwa hilo. Muda wa mwisho, Jumamosi alfajiri. Nisipokuwa nao, Suzana anapanda Noah.

Jioni Awadhi akachungulia juu ya ukuta. Akasema, jirani, hiyo mitungi miwili yote ya nini, chukua mmoja, harusi ni yetu sote. Maneno mazuri. Mtu mwingine angesema ahsante. Mimi nikasema wangu ni mkubwa zaidi.

Mdomo huu! Nani aliuruhusu?

Suzana alikuwa anaanua nguo, amesikia yote. Hakugomba, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema tu, baba, nunua. Sauti ile ile ya darasa la kwanza aliyokuwa akiombea penseli.

Kesho nanunua.

Ijumaa, 11 Julai

Nilikwenda kununua. Naomba iandikwe kwamba nilikwenda.

Maduka mawili yameishiwa. Kwa Fikiri, muuza vipuri, ulibaki mmoja. Mwekundu, mpya, umefungwa nailoni. Akataja bei. Mimi nikafanya lile ambalo mtu mzima yeyote hufanya: nikampa mgongo. Muuzaji ukimpa mgongo anakuita. Nikatembea polepole ili asipate shida ya kupaza sauti. Nikafika kwenye kona. Nikafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Hakuniita.

Nikakaa nusu saa, nikala mhogo, alainike. Niliporudi rafu ilikuwa tupu. Fikiri akasema mteja aliyekuja nyuma yangu hakuuliza hata mara mbili. Nani? Awadhi.

Anayo mitatu sasa! Mtu mmoja, mitungi mitatu! Anatarajia kuungua mara ngapi?

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa Ulyankulu, kwenye kitanda cha wageni. Kichwa bado kina unga. Nieleze kwa utaratibu.

Alfajiri Leodgar alikuja na daftari. Nikamwambia mtungi uko chini ya kiti cha nyuma, gauni la Suzana limeufunika. Nilikuwa nimelipanga hilo usiku kucha. Mwalimu mstaafu hafunui gauni la bibi harusi. Akaangalia gauni, akaangalia mbingu, akaweka alama ya vema. Ushindi! Tukaondoka kwa vigelegele, mimi kwenye usukani, Suzana na mama yake nyuma. Awadhi alifuata na Noah, kajaza mashangazi, na Leodgar mbele na daftari lake.

Kizuizini, Afande Zabibu. Afande Zabibu ni mwanamke. Hilo sikulipangia. Alimpongeza Suzana, akamwomba radhi, akainua pindo la gauni kwa vidole viwili. Chini kulikuwa na viatu tu.

Ahadi ni ahadi. Suzana akashuka. Akasimama kando ya lami na shela lake, bodaboda zikipunguza mwendo kumtazama. Hakuniangalia. Alikuwa anajizuia kulia, poda isiharibike, na mimi ndiye niliyemfikisha pale, kwa ajili ya kitu cha kuning'iniza ukutani. Nikafungua mlango wa Noah kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia, nenda mama, misa ni saa nne.

Ndipo Awadhi akaja mbio, kanzu mkononi, na ule mtungi wa Fikiri ukiwa bado ndani ya nailoni. Akasema alininunulia mimi, ila kwa jinsi nilivyomjibu ukutani alikosa pa kuanzia.

Nikaupokea kwa mikono miwili. Afande akaukagua. Akasema gari sasa limekamilika, liende. Lakini kama mtani ana hukumu yake: babu yangu alibeba, na mimi nitabeba. Mtungi mapajani mpaka Ulyankulu, marufuku kuuweka chini. Usukani apewe mwenye akili. Hukumu ya mtani haina rufaa. Leodgar akacheka, mara ya kwanza tangu astaafu.

Basi Awadhi akaendesha gari langu, Leodgar akachukua Noah, na mimi nikakaa kushoto nimepakata mtungi kama mtoto wa kubatizwa. Suzana akaegemea mbele, akanishika bega. Akasema afadhali hivi, kwa sababu nikiendesha huwa siongei na mtu, nagombana na mashimo. Tukaongea njia nzima. Mambo ya alipokuwa mdogo. Siandiki yote.

Kabla ya kufika, moshi! Ni honi niliyofunga mwenyewe Alhamisi, ile ya kuimba wimbo wa harusi. Waya umeshika moto chini ya boneti. Awadhi akasimamisha, akawashusha wanawake, akanipigia kelele, vuta pini! Nikavuta. Akapiga kelele, elekeza kwenye moto! Hilo lilichelewa. Nusu ya kwanza ya unga niliielekeza kwangu. Awadhi akaninyang'anya, nusu ya pili ikaenda kwenye injini, moto ukafa, akakata waya, injini ikanguruma tena.

Nilimshika Suzana mkono tukaingia kanisani. Mimi mweupe kuliko bibi harusi. Alikuwa anacheka mpaka madhabahuni, na bwana harusi, Jonasi, akadhani ni furaha ya kumwona yeye.

Jumapili, 13 Julai

Utoaji wa zawadi. Mzee Nzeyimana, baba yake Jonasi, alisimama mbele ya ukumbi mzima. Akasema kwao mkwe hupewa blanketi, lakini kwa waliyoyaona jana, familia imekaa, imetafakari. Akanikabidhi mtungi wa kuzimia moto. Mkubwa, wa kilo sita, ndani ya nailoni, wenye utepe.

Ukumbi ulisimama. Suzana alinikumbatia na kuniapisha mbele ya mume wake kwamba safari hii nimejifunza. Nikaapa kwa sauti. Nilimaanisha.

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi nyumbani, mtaa wetu wa Chemchem, Tabora. Nyumba kimya bila Suzana. Kesho naenda Sikonge kuchukua asali, peke yangu, gari liko sawa. Honi nimeirudishia, waya nimeufunga kwa nailoni.

Mtungi wa wakwe ni mzuri mno. Kwenye gari utapigwa vumbi, utakwaruzwa, na asali nayo inanata. Nimeuweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, juu ya kitambaa cha kufuma. Nailoni sijaitoa. Utepe unaonekana vizuri kutoka mlangoni. Nimefunga kabati kwa ufunguo.

Mama Suzana alitazama kabati, akanitazama mimi, akauliza kesho gari likiwaka moto porini nitafanyaje.

Nikamwambia atulie. Gari likiungua, angalau mtungi utakuwa salama.